Giaboksi ya Otomatiki Inapokataa Kubadili Gia: Namna ya Kutafuta Chanzo cha Hitilafu

Gari lenye giaboksi ya otomatiki linapozeeka, aghalabu huanza kuonyesha tabia zinazomtatiza mwenyewe. Huondoka kwa uzito, huchelewa kubadili gia, au injini hunguruma kwa nguvu ilhali mwendo hauongezeki. Mara nyingi uamuzi wa kwanza huwa ni kuishusha giaboksi na kuifungua. Kazi hiyo ina gharama kubwa, na yaweza kugundulika baadaye kwamba sehemu za ndani zilikuwa nzima, na kwamba hitilafu ilikuwa katika waya uliolegea au fyuzi iliyoungua. Makala haya yanaeleza jinsi fizikia ya shule ya sekondari inavyoweza kumwongoza mtu hadi kwenye chanzo cha hitilafu kabla hajashika spana.

Mfano utakaotumika ni giaboksi ya AW4, iliyofungwa katika magari ya Jeep Cherokee yenye injini ya silinda sita ya lita 4.0 kuanzia mwaka 1987 hadi 2001. Ilitengenezwa Japani na Aisin-Warner, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1969 kwa ubia wa Aisin Seiki na Borg-Warner ya Marekani, na ambayo mwaka 1988 ilibadili jina kuwa Aisin AW. AW4 ni ya ukoo mmoja na giaboksi za Toyota za jamii ya A340, zilizofungwa katika magari kama Hilux Surf, ambayo yanafahamika sana Afrika Mashariki. Kwa hiyo kanuni zinazoelezwa hapa zina manufaa hata kwa mtu asiyepata kuiona Cherokee.

Mifumo mitatu ndani ya chombo kimoja

Giaboksi hii ina mifumo mitatu inayotegemeana. Wa kwanza ni wa mitambo: gia zenyewe, pamoja na klachi zinazoshika baadhi ya gia na kuachia nyingine. Wa pili ni wa majimaji: pampu inayozungushwa na injini huipa oili kanieneo, na oili hiyo husukuma pistoni zinazobana klachi. Hapa ndipo ilipo kanuni ya Pascal, isemayo kwamba kanieneo katika kiowevu kilichofungiwa huenea kwa usawa pande zote. Wa tatu ni wa umeme: kompyuta ndogo hupokea habari za mwendo wa gari, kiasi ambacho akselereta imekanyagwa, na mahali ulipo mkono wa gia. Kisha huamua gia ipi itumike.

Kompyuta haigusi gia. Hutuma umeme kwenye solenoidi, yaani koili za waya ambazo zikipitishiwa umeme huwa sumaku na kufungua au kufunga njia za oili. Solenoidi mbili huchagua gia. Ya tatu huhusika na kuifunga toki konveta ili injini na giaboksi zizunguke pamoja bila kuteleza. Kwa kuwa kila solenoidi ina hali mbili tu, solenoidi mbili hutoa hali nne, ambazo zatosha kwa gia nne:

Gia ya 1: solenoidi ya kwanza ina umeme, ya pili haina.
Gia ya 2: zote mbili zina umeme.
Gia ya 3: ya kwanza haina umeme, ya pili inao.
Gia ya 4: zote mbili hazina umeme.

Kusoma dalili

Msomaji akiuelewa mpangilio huo, dalili nyingi hupata maana. Tuseme fyuzi ya kompyuta imeungua. Solenoidi zote hukosa umeme, na mkono wa gia ukiwa kwenye D gari huondoka na gia ya nne. Dereva husema gari limekosa nguvu, kumbe injini ni nzima. Tuseme tena waya wa solenoidi ya kwanza pekee umekatika, na kompyuta haikugundua. Mahali pa gia ya 1 patapatikana ya 4. Mahali pa gia ya 2 patapatikana ya 3. Gia ya 3 na ya 4 zitabaki kama kawaida. Mfuatano wa 4, 3, 3, 4 humshangaza asiyejua mpangilio, lakini kwa anayeujua unataja wazi solenoidi yenye kasoro.

Hatua ya kwanza: oili

Uchunguzi huanza na oili. Hupimwa gari likiwa mahali palipo sawa, oili ikiwa moto na injini ikinguruma taratibu. Oili ikipungua, pampu huvuta hewa. Ikizidi, gia zinazozunguka huichapa hadi ikatoa povu. Matokeo ni yale yale, kwa sababu hewa hushindilika nayo oili karibu haishindiliki. Kanieneo hushuka na klachi huteleza. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua ni ushahidi kwamba klachi zimekwisha kuteleza na msuguano umezalisha joto jingi.

Yafaa pia kukagua kebo inayotoka kwenye kilango cha hewa cha injini kwenda kwenye giaboksi. Kebo hiyo hurekebisha kanieneo cha oili. Ikikazwa mno, gia huingia kwa kishindo. Ikilegea mno, huingia kwa ulegevu na kuteleza.

Hatua ya pili: kutenga umeme na mitambo

Kanuni kuu ya uchunguzi wa kisayansi ni kubadili jambo moja huku mengine yakiachwa kama yalivyo. Katika AW4 hilo hufanyika kwa urahisi. Injini huzimwa, plagi ya kompyuta ya giaboksi huchomolewa, kisha gari huendeshwa polepole kwenye barabara isiyo na magari. Mkono wa gia umeungwa na vali ya oili moja kwa moja, kwa hiyo bado waweza kuchagua gia bila umeme. Ukiwa kwenye 1-2 hupatikana gia ya 1. Kwenye 3 hupatikana ya 3. Kwenye D hupatikana ya 4. Mkono usirudishwe kwenye 1-2 gari likiwa katika mwendo wa kasi.

Gia hizo zikipatikana barabara, mitambo na majimaji aghalabu ni mazima, na hitilafu itafutwe katika fyuzi, nyaya, solenoidi, kihisi cha akselereta, kihisi cha mwendo, au swichi ya mkono wa gia, ambayo huharibiwa na maji na tope. Zisipopatikana, au zikiteleza, kubadilisha kompyuta ni kutupa fedha. Chanzo kimo ndani ya giaboksi.

Hatua ya tatu: kupima solenoidi

Ukinzani wa kila solenoidi hupimwa kwa ommita na hutakiwa kuwa kati ya omu 11 na 15. Ukinzani usio na kikomo maana yake koili au waya wake umekatika; ukinzani ulio karibu na sifuri maana yake umeme umepata njia ya mkato. Kipimo kizuri hakithibitishi kila kitu, kwani vali inayoendeshwa na solenoidi yaweza kukwama kwa uchafu ingawa koili ni nzima.

Mwenye kufuata hatua hizi kwa utaratibu ataifungua giaboksi pale tu ushahidi utakapomlazimisha.

Maswali kwa wanafunzi

1. Solenoidi yenye ukinzani wa omu 13 imeungwa na betri ya volti 12. Tafuta mkondo wa umeme. Kutu kwenye kiungo ikiongeza omu 10 kwa mfululizo, mkondo utakuwa kiasi gani, na sumaku itaathirika vipi?

2. Uwiano wa gia ya 4 ni 0.753. Toki konveta ikiwa imefungwa na injini inazunguka mara 2,500 kwa dakika, shafti ya kutokea huzunguka mara ngapi?

3. Waya wa solenoidi ya pili ukikatika, bila kompyuta kugundua, mfuatano wa gia utakuwaje?

Majibu: (1) Ampea 0.92, kisha ampea 0.52, na sumaku hudhoofika. (2) Takribani mara 3,320 kwa dakika. (3) 1, 1, 4, 4.