Majina ya Watu wa Iceland: Nao Wana Bin na Binti

Tukisikia jina la Rais wa Iceland, Halla Tómasdóttir, tunaweza kudhani Tómasdóttir ni jina la ukoo. Sivyo. Maana yake ni binti Tómas. Mtoto wa kiume angeitwa Tómasson, yaani bin Tómas. Mke hubaki na jina la baba yake. Basi binti zetu wanaoolewa Ulaya wakiambiwa ni lazima wabebe jina la mume, wajue kuwa wapo Wazungu wasiofanya hivyo tangu zamani. Sheria yao inaruhusu pia mtu kujinasibisha na mama. Kwetu nasaba ni ya baba, kama ilivyoamrishwa katika Suratul Ahzab, aya ya 5.

Matamshi yasitutishe. Þ ni th ya thelathini, na ð ni dh ya dhahabu. Aliyepita chuoni ameshazizoea thaa na dhaal. J husomwa y, kwa hivyo Jón ni "Youn". Ll mara nyingi hutoka kama tl: Halla hutamkwa "Hatla". Mkazo wao uko silabi ya kwanza, si ya pili kutoka mwisho kama wetu. Na hata rais wao humwita kwa jina lake la kwanza tu.