Taa mchana: gharama ni ndogo kuliko inavyodhaniwa

Lori linalotoka Busia kuelekea Tororo saa 7 mchana huku taa zikiwaka hupokelewa kwa ishara za mikono. Madereva wanaopishana nalo humwashiria mwenzao azime, wakimhurumia betri.

Betri haihusiki. Injini ikishawaka, umeme hutoka kwenye alteneta, nayo huzungushwa kwa mafuta. Balbu mbili za mbele za gari dogo hula wati 55 kila moja. Pamoja na taa za nyuma, jumla ni wati 130 hivi. Kwa hesabu ya kawaida hiyo ni takriban desilita moja ya petroli kwa saa, yaani kama nusu lita kutoka Busia hadi Kampala. Balbu nazo huungua mapema.

Sweden iliamuru taa mchana tangu 1977. Umoja wa Ulaya ulidai taa maalum za mchana kwenye aina mpya za magari kuanzia Februari 2011, na malori na mabasi Agosti 2012. Lakini magari yetu mengi ni mitumba ya Japani inayoshushwa Mombasa, na Japani yenyewe iliruhusu taa hizo mwaka 2016 tu. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Uganda, mwaka 2018, iliweka kikomo cha miaka 15. Kwa hiyo upande wa Uganda dereva ataendelea kuwasha kwa mkono wake kwa muda mrefu zaidi.

Wapo wanaosema Sweden ina giza la majira ya baridi, sisi tuna jua la Ikweta. Ni kweli, faida huwa kubwa zaidi huko. Ila katika njia ya vumbi kama za Kiyeyi tatizo si jua. Gari la kijivu humezwa na vumbi la lori lililotangulia, na anayetaka kulipita lori haoni kinachokuja. Hapo taa za kawaida zina faida nyingine: huwasha na za nyuma, ambazo taa maalum za mchana mara nyingi haziwashi.

Hoja nzito zaidi ni ya bodaboda (jina lililozaliwa mpaka huu huu). Magari yote yakiwasha, pikipiki itapotea kati yake. Dawa ni pikipiki nayo iwashe. India ililazimisha pikipiki mpya ziwake taa daima tangu Aprili 2017.

Sheria mpya siioni kuwa lazima. Itakuwa kisingizio kingine cha kusimamisha malori. Mwenye malori anaweza kuagiza tu madereva wake wawashe, taa zikiwa zimeinamishwa, si fulu.