Shangazi hataki tena semina ya begi na posho

SI UNAZIJUA semina zetu, msomaji wangu? Mtu anakwenda mjini siku mbili, anarudi na begi jipya, kalamu na fulana yenye nembo. Ukimwuliza kafundishwa nini, anakujibu, "Aah, mambo mengi tu." Basi leo nataka tuziongelee hizo semina, maana hivi karibuni zimezua kasheshe kwenye kata yetu, na mimi nilikuwa humo humo nikiandika.

Ilikuwa hivi. Halmashauri ilizitumia kamati za shule za msingi barua kupitia kwa Afisa Elimu Kata. Barua ikasema wanaupitia upya utaratibu wa kuwafundisha wajumbe wa kamati, kwa kuwa fedha ni kidogo. Kila kamati itoe maoni yake: mafunzo yaendelee kama yalivyo, yapunguzwe, au yabadilishwe?

Shangazi yangu ni mjumbe. Akaniita. "Wewe una kidato cha nne, njoo utuandikie. Katibu wetu ni mwalimu mkuu, lakini safari hii tunataka yawe maneno ya wajumbe wenyewe." Mimi huyoo, daftari kwapani. Nikawakuta watu wazima wamekaa kwenye madawati ya darasa la tatu, magoti yamefika kidevuni.

SIYO KAMATI YA PILAU

Wengi wetu tunadhani kamati ya shule ni wazee wanaoitwa siku ya mahafali kula pilau. Wapi! Ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule MMEM wa 2002 hadi 2006, ada ilikuwa imefutwa na fedha za serikali zikaanza kushuka hadi shuleni. Kamati ndizo zilizotakiwa kuzipangia na kuzisimamia.

Januari 2016 ikaja elimu bila ada hadi kidato cha nne. Ruzuku ya shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 ziende shuleni na 4,000 zibaki kwa ajili ya vitabu. Sasa piga hesabu na mimi. Shule yenye watoto 800 inapata shilingi 4,800,000 kwa mwaka, yaani laki nne kwa mwezi. Humo humo kuna chaki, karatasi za mitihani, mipira na bati lililong'oka. Hela ndogo namna hiyo ikipotea kidogo tu, mtoto ndiye anayekaa bila mtihani wa majaribio.

Kuna wakati hela huja kubwa. Mwaka 2021, kwa mkopo wa trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa shilingi milioni 20 kila moja. Hapakuwa na mkandarasi mkubwa. Walitumiwa mafundi wa kawaida, na wananchi wakaingizwa kwenye kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi. Mama muuza maandazi anapewa karatasi, anaambiwa, "Saini hapa, mama."

MIFUKO SITINI, KARATASI MIA

Hapo ndipo shangazi aliposimama na kusimulia jambo ambalo hata mimi wa nyumbani sikuwa nalijua. Aliwahi kuwekwa kamati ya mapokezi kwenye ujenzi fulani. Gari la saruji likaja jioni, kigiza kinaingia. Karatasi ikasomeka mifuko 100. Akasaini. Kesho yake akaihesabu: 60.

"Siku tatu sikulala," alisema. "Mume wangu akaniuliza naumwa nini, nikamwambia kichwa. Siku ya nne gari likaleta arobaini iliyobaki, eti lilijaa safari ya kwanza. Je, isingekuja? Ningefungwa kwa saruji ambayo sijaipaka hata kwenye jiko langu."

Darasa zima kimya. Kisha akaongeza, na hili ndilo lililonichoma: "Mwenyekiti alikuwa ameshakwenda semina mjini kabla ya hapo. Alirudi na begi. Hakuna aliyetuambia sisi wengine kwamba unahesabu kwanza ndipo unasaini."

POSHO, POSHO, POSHO

Usidhani kila mtu alikubaliana naye. Mzee mmoja wa makamo alimjia juu. "Ninyi mnataka kutufungia riziki. Kazi hii haina mshahara. Ile posho ya semina ndiyo asante pekee tunayopata. Siku moja ya kikao ni siku moja ya shamba." Watu wakapiga makofi, na mimi nikaona ana hoja. Mtu anafanya kazi ya bure mwaka mzima, halafu tunamwita mroho kwa posho ya siku mbili?

Lakini kazi hii hailipwi hata kwa wenzetu. Kule Uingereza wajumbe wa bodi za shule ni watu wa kujitolea, na halmashauri nyingi huziuzia shule mafunzo ya wajumbe hao. Shule inayalipia, kwa hiyo inayo sauti ya kuuliza imepata nini. Kwetu mafunzo ni kama mvua ya mango: yanakuja na mradi, yanaondoka na mradi. Wenye kumbukumbu wanaujua mradi wa EQUIP-Tanzania uliofadhiliwa na Waingereza kuanzia 2014 hadi 2020 katika baadhi ya mikoa. Kamati zilifundishwa, na ushirikiano wa wazazi na walimu, UWaWa, ukaanzishwa. Mradi ukiisha na wajumbe wapya wakichaguliwa, nani anawafundisha hao?

Na mambo yenyewe hayasubiri. Mwaka 2017 uliingia mfumo wa hesabu wa FFARS kwenye shule na zahanati. Mwaka 2023 ukaingia mfumo wa manunuzi wa NeST. Mambo ya kompyuta matupu. Mjumbe mwenye simu ya tochi atasimamia vipi kitu ambacho hajakiona hata kwenye picha?

TULICHOANDIKA

Mabishano yaliisha saa kumi na mbili jioni, na barua ikawa hivi. Kwanza, mafunzo yasifutwe. Pili, yaletwe kwenye kata, wafundishwe wajumbe wote, siyo mwenyekiti na mwalimu mkuu peke yao. Nauli na malazi ya mjini yageuzwe chakula cha mchana na posho ndogo kwa kila aliyehudhuria. Hapo yule mzee akatabasamu.

Tatu, yasifanyike wakati wa kilimo. Nne, yafundishwe kwa karatasi halisi: taarifa ya benki, hati ya kupokelea mali, risiti. Mtu aoneshwe mahali penye ujanja. Tano, kila wakichaguliwa wajumbe wapya, wafundishwe kabla hawajasaini kitu chochote.

Mwalimu mkuu aliisoma barua yote, akasema haina kasoro, akaongeza jambo moja: mapato na matumizi ya shule yawe yanabandikwa kwenye ubao wa matangazo, kama ilivyotakiwa tangu enzi za MMEM. Ungeshangaa makofi aliyopigiwa.

Majibu ya halmashauri bado hayajarudi. Huenda wakakubali, huenda wakasema fungu limekwisha. Lakini wewe msomaji mwenye mtoto shuleni usisubiri. Kesho ukimpeleka mwanao, chungulia ule ubao. Ukiukuta mtupu, uliza kwa adabu. Shule ni yenu.

Shangazi naye alikuwa wa mwisho kusaini barua ile. Aliisoma mara mbili, akahesabu kurasa, akaniuliza, "Ni mbili tu?" Nikamjibu ndiyo, ni mbili. Ndipo akashika kalamu.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.