Jinsi mafundi wanavyovuka kutoka chomboni hadi mitambo ya upepo baharini

Hatua moja kutoka omo ya boti hadi ngazi ya chuma ndiyo inayoamua iwapo mtambo wa upepo ulioharibika katika Bahari ya Kaskazini utatengenezwa leo, au utasubiri hadi bahari itulie. Hatua hiyo ni miongoni mwa nyakati za hatari zaidi katika kazi ya fundi.

Denmark ilipoanzisha Vindeby mwaka 1991, shamba la kwanza duniani la mitambo ya upepo baharini, mitambo yake 11 ilikuwa kilomita chache tu kutoka ufukweni. Hii leo, shamba la Hornsea 2 la Uingereza, lenye mitambo 165, liko takriban kilomita 89 kutoka pwani ya Yorkshire. Umbali huo umebadilisha muundo wa vyombo.

Boti inayosukuma nguzo

Chombo kilichozoeleka zaidi ni boti ya alumini yenye miili miwili iliyounganishwa, mfano wa feri za mwendo kasi za Dar es Salaam na Zanzibar. Muundo huo hupunguza kuyumba na huacha sitaha pana ya kubebea vipuri.

Boti ikifika, nahodha haifungi kwa kamba. Huisukuma kwa injini hadi dafrao nene ya mpira iliyoko omoni igandamize mabomba mawili ya chuma yaliyosimama kwenye nguzo. Msuguano huizuia omo isipande wala kushuka, huku tezi ikiendelea kuchezeshwa na mawimbi. Wimbi likiushinda msuguano huo, omo huteleza ghafla, na fundi aliye katikati anaweza kubanwa au kuanguka. Ndiyo maana kazi kwa kawaida husitishwa mawimbi yanapozidi kimo cha mita 1.5 hivi.

Daraja lisiloyumba

Kwa mwendo wa kilomita 45 kwa saa, boti ingetumia karibu saa mbili kufika Hornsea 2, na fundi aliyelewa bahari angelazimika bado kupanda ngazi ndefu. Kwa hiyo mashamba ya mbali hutumia meli kubwa ambamo mafundi hulala na kula kwa takriban wiki mbili.

Meli hiyo haitii nanga. Kompyuta huongoza rafadha zake ili ibaki mahali pamoja. Daraja lake hupima mtikisiko wa meli na kuufidia papo hapo, hivyo fundi huvuka akitembea. Miongoni mwa waanzilishi wa teknolojia hiyo ni kampuni ya Ampelmann, iliyoasisiwa mwaka 2008 kutokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi.

Idadi ya 12

Sheria nazo zimechangia. Chombo chenye abiria zaidi ya 12 huhesabiwa kuwa meli ya abiria, yenye masharti mazito, na hivyo boti nyingi zilijengwa kwa mafundi 12 tu. Tangu Julai 1, 2024, kanuni mpya za kimataifa zinawatambua mafundi hao kama kundi la pekee, kwa kuwa wamepewa mafunzo ya usalama baharini.

Hata hivyo, meli yenye daraja hugharimu fedha nyingi zaidi, na karibu na pwani boti ndogo ingali ndiyo inayotegemewa.