Ganda la Pai la Oti katika Jiko la Mtaani

Ganda la pai la oti hubanwa kwa mkono, halisukumwi. Oti husagwa nusunusu, huchanganywa na mafuta, sukari na unga kidogo, kisha hushindiliwa ndani ya chombo na kuokwa. Halihitaji kibao wala kifimbo cha kusukumia chapati, wala mikono iliyozoea kukanda. Katika nyumba nyingi za mitaa ya Nairobi kama Umoja, Kayole au Dandora, ambako jikoni hutosha mtu mmoja na mtungi wa gesi wa kilo 6, huo ni wepesi mkubwa.

Tofauti kati ya ganda hili na la ngano huanzia kwenye nafaka yenyewe. Unga wa ngano ukikandwa kwa maji hujenga gluteni, yaani nyuzi za protini zinazovutika na kuushika unga pamoja. Oti hazijengi nyuzi za namna hiyo. Kinachozishikanisha ni mafuta, yanayopaka kila chembe, na sukari, inayoyeyuka kwa joto na kuganda inapopoa. Kanuni tatu hutokana na hapo: mchanganyiko ubanwe kwa nguvu, uokwe hadi sukari iyeyuke, na upoe kabisa kabla ya kutolewa chomboni. Maganda mengi yanayovunjika huwa yamekosa mojawapo ya hayo matatu.

Oti zinazofaa ni zile bapa. Kiwandani hupitishwa kwenye mvuke kisha hugandamizwa kwa mitambo, hivyo huwa zimeiva kiasi na hulainika upesi. Zile nyembamba zaidi za uji wa haraka hutoa ganda laini. Zile nene hutoa ganda lenye kutafunika. Oti zilizokatwakatwa bila kubapwa hubaki ngumu na hazishikani vizuri.

Kwa chombo cha duara chenye upana wa sentimita 23, vipimo ni hivi: oti gramu 135, sawa na kikombe kimoja na nusu, unga wa ngano nusu kikombe, sukari vijiko 5 vya kulia, majarini au siagi gramu 90, karibu vijiko 6, chumvi robo kijiko cha chai, na mdalasini kidogo. Sukari na mafuta hupatikana kwa kupima kwenye vioski vya mtaani, kwa hiyo si lazima kununua pakiti nzima. Sukari ya kahawia, au sukari nguru iliyokunwa, hulipa ganda ladha nzito na rangi ya kupendeza. Anayetumia mafuta magumu ya kupikia badala ya majarini apunguze hadi vijiko 5, kwa sababu majarini huwa na maji ndani yake ilhali mafuta hayo hayana.

Asiyeweza kula ngano anaweza kuweka oti zilizosagwa laini mahali pa unga. Hata hivyo, ni lazima achague pakiti iliyoandikwa kwamba haina gluteni, maana oti za kawaida mara nyingi hukutana na ngano shambani, kwenye magari na viwandani.

Nusu ya oti husagwa kwa blenda au kutwangwa kwenye kinu hadi zifanane na unga wa chengachenga. Nusu nyingine huachwa nzima. Chembe ndogo hujaza mianya, na zile nzima hulipa ganda umbo. Vitu vikavu huchanganywa kwanza, kisha mafuta yaliyoyeyushwa humiminwa na kukorogwa hadi pasibaki unga mkavu. Kipimo cha mwisho ni kiganja: konzi moja ikifumbatwa ibaki donge. Ikimomonyoka, kijiko kimoja cha mafuta au maziwa huongezwa.

Mchanganyiko hutandazwa kwenye chombo kilichopakwa mafuta na kushindiliwa kwa kitako cha gilasi, kuanzia ukingoni kwenda katikati, hadi unene wa nusu sentimita. Pembe ya sakafu na ukuta wa chombo ndipo ganda hurundikana zaidi, na panapokuwa nene hapaivi sawasawa.

Kwenye oveni ya nyuzi 180 za Selsiasi, ganda huiva kwa dakika 12 hadi 15, kingo zinapogeuka rangi ya dhahabu. Pasipo oveni, sufuria kubwa ya zamani hutandikwa mchanga mkavu au chumvi kwa kina cha sentimita 2, hufunikwa na kupashwa moto wa wastani kwa dakika 10. Kigae au kifuniko cha bati huwekwa juu ya mchanga, chombo cha ganda juu yake, na moto hupunguzwa. Kifuniko kiachwe wazi kidogo, kwa sababu mvuke ukifungiwa ndani hulainisha ganda. Kazi hii huchukua dakika 25 hadi 35.

Kwenye jiko la makaa hutumika njia ya moto juu na chini, inayofahamika sana Pwani kwa mkate wa kumimina: makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, hutengeneza majiko na vyombo vya bati vya kuokea vinavyofaa kwa upishi huu. Makaa yawashwe mahali penye hewa ya kutosha, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua.

Ipo pia njia ya kikaango. Oti pekee, bila unga wa ngano, hukaangwa bila mafuta kwa dakika 5 hadi 7 hadi zinukie. Majarini na sukari huyeyushwa pamoja hadi vitokote, humiminwa juu yake, na mchanganyiko hushindiliwa ungali moto. Ganda hili hukaa kwenye friji kwa saa moja au zaidi, na hufaa kwa vijazo visivyookwa.

Maembe ya Makueni, ndizi mbivu, viazi vitamu vilivyopondwa na nanasi vyote hukaa vizuri ndani ya ganda la oti. Nanasi lipikwe kwanza: likiwa bichi huwa na kimeng'enya kinachovunja protini, hivyo huzuia jeli kuganda na hufanya maziwa yawe machungu. Tunda lenye maji mengi huchemshwa na konifulawa hadi rojo iwe nzito. Ili ganda lisilowe, ute wa yai hupakwa ndani yake lingali moto, kisha hurudishwa motoni kwa dakika 2.

Ganda tupu lililopoa hukaa siku 3 kwenye chombo kisichopitisha hewa. Likishatiwa kijazo cha maziwa au mayai huhifadhiwa kwenye friji, au huliwa mara tu likiwa tayari. Oti zilizobaki zifungwe vizuri na kuwekwa mbali na joto la jiko: zina mafuta mengi kuliko ngano, na zikichacha hutia uchungu ganda zima.