Kuituliza akili ndiyo yoga, si kukunja viungo

Kila Juni 21 ulimwengu huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Yoga, kufuatia azimio lililopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka wa 2014. Siku hiyo magazeti hujaa picha za watu waliokunja miguu mikekani, macho wameyafumba. Aghalabu msomaji wa kawaida hudhani kwamba huo ni mchezo wa wenye nacho. Mwingine huiogopa yoga, akiiona kuwa ni dini ngeni inayopenya kwa mlango wa nyuma. Wote wawili wameliona ganda, kiini hawajakionja.

Kitabu kinachotegemewa zaidi katika taaluma hii ni Yoga Sutra, ambacho Wahindi tangu jadi humnasibishia mwanafalsafa Patanjali, na ambacho kimedumu kwa zaidi ya miaka 1,500. Ni kitabu kifupi chenye semi zipatazo 195 katika sura 4. La kustaajabisha ni kwamba semi zinazoeleza namna ya kukaa ni 3 tu! Sehemu kubwa ya kitabu inahusu akili: inavyotibuka kama maji ya kisima, na namna ya kuyaacha maji hayo yatue hadi mtu aone chini.

Njia ya Patanjali ina hatua 8, na mpangilio wake una hekima. Hatua ya kwanza ni kujiepusha na mambo matano: kudhuru, uongo, wizi, uasherati na tamaa ya kujilimbikizia mali. Ya pili ni kujenga tabia njema, zikiwemo usafi na kuridhika. Mkao huja katika hatua ya tatu, na pumzi katika ya nne. Ndipo zifuatapo kuzitawala hisi, kukaza fikira, kutafakari na hatimaye utulivu kamili. Basi mfanyabiashara anayejinyosha alfajiri, kisha mchana akawapunja wateja kwenye mizani, amezirukia ngazi mbili za mwanzo. Atatuliaje? Mwongo hana budi kukumbuka alimwambia nani nini, na mwizi hushtushwa na kila mlango ubishwapo. Uadilifu katika falsafa hii ni dawa ya akili kabla ya kuwa sifa mbele za watu.

Lakini fundisho linalotufaa zaidi katika maisha ya kila siku ni lile la namna nne za kuwatazama wenzetu. Aliye na furaha tumtazame kwa urafiki. Aliye katika dhiki tumwonee huruma. Mtenda mema tuufurahie wema wake. Na mwovu tusiuache ubaya wake utuvuruge moyo.

Hebu tujipime. Jirani akinunua gari, twauliza pesa kazitoa wapi. Mwenzetu kazini akipandishwa cheo, twanong'ona kwamba ana mjomba huko juu. Mtu akijitolea kuwalisha mayatima, twasema anatafuta kura. Gari la jirani halipungui mwendo kwa kijicho chetu. Anayekosa usingizi ni sisi. Hasira hasara, walisema wahenga, na husuda ni hasara isiyo na faida hata ya kusingizia.

Yamkini msomaji atauliza: je, kutovurugwa na mwovu si kuwanyamazia mafisadi? La hasha. Mahatma Gandhi aliichukua kanuni ya kutodhuru, ambayo pia imo katika mafundisho ya Wajaini na Wabudha, akaiingiza katika siasa. Mwaka wa 1930 alitembea kwa miguu kiasi cha kilomita 390 hadi Dandi kupinga sheria ya chumvi ya Waingereza. Hakunyamaza hata kidogo, wala hakuwaruhusu wakoloni wampandikizie chuki. Aliyetulia huliona jambo sawasawa na kulipinga kwa uthabiti. Mwenye ghadhabu hupiga popote.

Ama wanaohofia imani zao, ni kweli kwamba kitabu hiki kimeota katika udongo wa Kihindi, na yamo ambayo Mkristo au Mwislamu hatayakubali. Hata hivyo, katika karne ya 11, Al-Biruni, mwanachuoni wa Kiislamu, alikifasiri kitabu cha Patanjali kwa Kiarabu, na Uislamu wake haukutetereka. Mwenye msingi imara haogopi kubisha hodi kwa jirani.

Haya hayadai ada wala mkeka. Yanadai mazoezi ya kudumu, na haba na haba hujaza kibaba. Utingo akikutukana kwenye matatu, au ujumbe wa kejeli ukiingia katika simu yako, vuta pumzi polepole kabla ya kujibu. Jiulize: huyu aliye mbele yangu ni mwenye furaha, mwenye dhiki, mwema au mwovu? Mara nyingi utagundua ni mwenye dhiki. Aliyezidiwa na maradhi ya akili, bila shaka, amwone daktari. Falsafa haichukui nafasi ya tiba. Sisi wengine tuanze leo na jirani yule mwenye gari jipya: tumpongeze kwa moyo mweupe, kisha tukalale usingizi.