Breguet 19, Bingwa wa Masafa

Breguet 19 ya Ufaransa iliundwa kupeleleza na kudondosha mabomu. Iliruka mara ya kwanza Machi 1922, mabawa yake yakiwa mawili, moja juu ya jingine. Lakini rekodi zake kubwa iliziweka bila kufyatua hata risasi moja.

1. Nyingi kupindukia
Ufaransa peke yake iliunda zaidi ya 2,000. Hispania, Ubelgiji na Yugoslavia nazo zilipewa kibali, zikaongeza mamia. Toleo la A2 lilikuwa la upelelezi, la B2 la mabomu. Kiunzi chake kilikuwa cha duralumini, chepesi na imara, wakati wapinzani wengi bado walitegemea mbao. Bawa la chini lilikuwa fupi, na kila upande nguzo moja tu ndiyo iliyoliunganisha na la juu, hivyo upepo haukupata pengi pa kuizuia. Renault, Lorraine, Hispano-Suiza: injini zote hizo ilizibeba!

2. Yenye kiu kuliko zote
Ni toleo la Super Bidon la 1929. Ncha ya bawa hadi ncha ilikuwa mita 18.3, kutoka 14.83 za ile ya kawaida. Matangi yake yalimeza zaidi ya lita 5,000 za petroli, yaani madumu 250 ya lita 20, na injini ilikuwa moja tu ya kunyanyua mzigo wote huo.

3. Iliyofika mbali kuliko zote
Septemba 1929, Dieudonné Costes na Maurice Bellonte waliondoka Paris na Super Bidon iliyoitwa Point d'Interrogation. Walitua Qiqihar, Manchuria: kilomita 7,905 bila kugusa ardhi. Dar es Salaam hadi London, kwa mstari ulionyooka, ni takriban 7,500. Rekodi ya dunia!

4. Ngumu kuliko zote
Rubani Mmarekani Lindbergh alipovuka Atlantiki kutoka New York hadi Paris mwaka 1927, kwa saa 33 na nusu, pepo za magharibi zilikuwa upande wake. Anayetoka Paris hukabiliana nazo usoni. Wafaransa Nungesser na Coli walijaribu Mei mwaka huohuo, wakapotea wasionekane tena. Tarehe 1 Septemba 1930, Costes na Bellonte waliondoka na ndege yao ileile ya Qiqihar. Baada ya saa 37 na dakika 18 walikuwa New York, wa kwanza kuruka moja kwa moja kutoka Paris. Kwangu mimi hii ndiyo namba moja ya orodha yote. Tena Costes alikuwa ameshavuka Atlantiki ya Kusini bila kutua mwaka 1927, yeye na Le Brix, kutoka Senegal hadi Brazili, pia kwa Breguet 19.

5. Ya Wahispania
Juni 1933, Barberán na Collar walitoka Sevilla hadi Camagüey, Kuba, kwa Breguet 19 iliyoitwa Cuatro Vientos: zaidi ya kilomita 7,300, karibu saa 40 angani. Siku chache baadaye walitoweka wakielekea Meksiko.

6. Iliyodumu vitani
Miaka 18 baada ya mruko wa kwanza, Breguet 19 za Ugiriki bado zilikuwa kazini. Novemba 1940 zilipaa juu ya milima ya Pindus kuisaka divisheni ya Julia ya Italia.